Yule Mwanamke wa Sinema Alisema Nini

Rehema mwanangu,

Barua za watu huanza kwa kusema mwandishi ni mzima wa afya na hofu ni kwako uliye mbali. Mimi magoti yananiuma tangu mvua za kwanza, na wewe bado hujaenda mbali, uko hapo kwa jirani Mama Stella unaaga, nakusikia ukicheka nikiwa huku. Kwa hiyo salamu tuziache. Unaona? Sijafika popote nimeshaanza mzaha. Ndiyo maana nimeamua kuandika badala ya kusema. Mdomo wangu siuamini tena, na kalamu angalau huenda polepole.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji ya kunywa wala namna ya kulinda begi kwenye treni. Hayo umeshaambiwa na kila mwanamke wa Kibaigwa, na wengine hawajawahi hata kupanda hiyo treni. Nataka kurudi kwenye swali lako la leo mchana. Ulikuwa umepiga goti juu ya begi unafunga kamba, hukunitazama, ukasema, "Baba, nikishindwa huko Mpanda, nirudi?" Nami nikakujibu, "Ukirudi usije mikono mitupu, lete asali." Ukacheka. Ukavuta kamba, ukafunga fundo, tukaenda kula.

Hukuuliza habari za asali, Rehema. Uliuliza kitu ambacho binti humuuliza baba yake mara moja, na asipojibiwa harudii. Kesho alfajiri unapanda basi la Dodoma ukaunge na treni, mumeo anakusubiri kwenye nyumba ambayo hata mimi sijaiona, na swali lako utaondoka nalo kama lilivyo. Sitaki uondoke nalo.

Nitakujibu. Ila nikikujibu hivi hivi utadhani ni utani mwingine, maana ndivyo nilivyokulea. Inabidi kwanza nikueleze jambo unalolijua nusu nusu, la mama yako na banda la video.

Wakati ule walipoanza kupunguza wafanyakazi maofisini, mimi nilikuwa karani wa masijala Dodoma, na nilikuwa miongoni mwa waliopunguzwa. Biashara ya mahindi ilikuwa imeachiwa watu binafsi, malori yakawa yanapanga foleni hapa Kibaigwa, tukahamia na mama yako kama wengine wote waliosikia kwamba hapa kuna uhai. Mfanyabiashara mmoja alikuwa na ghala kando ya barabara. Akanunua televisheni, deki na jenereta, akabandika tangazo, watu wakajaa, kisha wakaanza kulalamika kwamba hawaelewi wazungu wanasema nini. Wakatafuta mtu mwenye Kiingereza. Wakanipata mimi.

Kiingereza chenyewe kilikuwa cha mafaili. Ungenipa barua ya kuomba likizo ningekusomea bila kukwama. Lakini wapenzi wa kwenye sinema hawaongei kama barua za likizo. Wanaongea haraka, wanakatizana, wanasema kitu wakimaanisha kingine. Nusu nilikuwa naelewa, nusu najazia. Nilisimama kando ya televisheni na kifimbo changu mkononi, watu wamekaa juu ya magunia ya mahindi, na kila anayefungua mdomo kwenye kioo mimi ndiye niliyekuwa naongea. Mzungu akitaja mji wake mimi nasema Morogoro. Akiingia hoteli kubwa mimi nasema gesti, tena naitaja gesti wanayoijua, wanaoijua zaidi wanainamisha vichwa.

Madereva walitaka kareti na vita, na siku nyingi ndizo tulizoonyesha. Lakini Jumapili mchana, wanawake walipokuja na watoto, niliweka zile ambazo hapa tulikuwa tunaziita sinema za kupendana na kukimbizana. Hizo ndizo nilizozipenda. Hadi leo nikifumba macho naziona, na rangi zake zilizochuja kwa kuchoka kwa kanda. Mwanamke kavaa glavu, kapokea begi lisilo lake stesheni. Mwanamume kajitokeza, suti imenyooka, kasema yeye ni muuza saa. Uongo. Baadaye anasema ni askari, uongo tena. Wauaji wako kwenye ngazi, na hawa wawili wanagombana nani alale kitandani nani alale kwenye kiti! Wanaruka kutoka paa hili hadi lile, wakitua yeye anamuuliza mwanamke kama ameshakula. Ukumbi mzima ulikuwa unapiga kelele za woga na kucheka kwa pumzi ile ile. Nimeona kuli wa magunia, mtu mzima mwenye mabega kama mlango, anamshika jirani yake mkono kwa woga huku machozi ya kicheko yanamtoka.

Utamu wake ndio huo. Vita inakutisha tu, na mapenzi matupu yanachosha. Lakini mpe mtu wawili wanaopendana, kisha uwawekee hatari mlangoni, halafu waache wataniane. Kila neno linakuwa na chumvi. Unajua wanaweza kufa, na wao wanajua, na bado wanabishana habari ya kiti. Mimi niliyekuwa nimefukuzwa kazi, niliyekuwa sijui kesho itakuwaje, nilikuwa nikisimama pale najiona mtu. Nilikuwa naishika hofu ya watu wote wale mle ndani naigeuza kicheko.

Mama yako alikuwa anauza chai na karanga mlangoni. Ufunguo wa ghala alikuwa nao yeye, maana ndiye aliyefagia. Tukirudi nyumbani, wewe umebebwa mgongoni umelala, alikuwa ananiuliza swali lake. "Baba Rehema, yule mwanamke pale dirishani alisema nini kweli?" Namwambia, "Alisema hajawahi kumchukia mtu kama anavyomchukia huyu bwana." Anasema, "Na wewe ukatuambia anataka chapati!" Tunacheka mpaka anaegemea ukuta wa watu. Kila wiki alikuwa ananiuliza hivyo, na mwanzoni nilikuwa namwambia ukweli, neno kwa neno, na alikuwa anayapenda yale maneno ya kweli kuliko yangu. Nilimpenda mama yako, Rehema. Naandika hivyo wazi kwa kuwa yeye mwenyewe sikuwahi kumwambia bila kuweka kitu cha kuchekesha mbele au nyuma yake.

Baadaye nikachoka. Kazi ya kuchekesha inachosha, watu hawajui. Akiniuliza alisema nini kweli, namjibu kwa sauti ya yule bwana wa suti, nampa utani mwingine. Akawa anacheka kidogo. Halafu akaacha kuuliza.

Sasa siku moja ya wiki, mchana, alikuwa anafagia ghalani. Kulikuwa na magunia mapya yameegemezwa nyuma kabisa, yameletwa na jamaa fulani waliokodi nafasi kwa mwenye banda. Alitaka kulisogeza moja apitishe ufagio. Gunia la mahindi unalijua, ukilisukuma linabonyea. Hili halikubonyea. Lilikuwa na vitu vigumu ndani, vimeviringishwa kwa nguo. Alipogeuka, jamaa wawili walikuwa wamesimama mlangoni wanamtazama.

Alikuja nyumbani bado kashika ufagio. Akasema, "Yale magunia si mahindi. Nimeyashika. Wale watu wameniona. Naogopa."

Nikamwambia, "Mama Rehema, umeangalia sinema mno."

Hayo ndiyo maneno niliyosema. Nikaongeza kwamba akiendelea hivyo kesho ataniambia mimi ni jasusi, na muuza maandazi ni jasusi mwenzangu. Akatabasamu. Akasema, "Sawa." Akarudisha ufagio mahali pake akaanza kupika.

Jumapili ukumbi ulijaa. Sinema ilifika pale mwanamke anapofungua begi lisilo lake, anaona kilichomo, anamgeukia yule bwana na kusema kitu. Sikumsikiliza hata kidogo. Nilikuwa nimeshapata changu. Nikabana sauti ikawa nyembamba, nikasema, "Jamani, haya magunia si mahindi! Mimi mama chai nimeyashika kwa mkono wangu, naogopa jamani!" Ukumbi mzima uliangua kicheko. Watu waligeuka wote kumtazama mama yako mlangoni na chupa yake ya chai. Nilijiona fundi siku ile. Nilikuwa sijawahi kupata kicheko kikubwa namna ile.

Yeye hakucheka. Alifunga kifuniko cha chupa, akakaza, akaendelea kukikaza ingawa kilikuwa kimeshafika mwisho. Na wale jamaa wawili walikuwa wamekaa humo humo, nyuma, wamelipa kiingilio kama watu wengine. Mimi sikutazama nyuma. Yeye aliwaona.

Kesho yake mmoja wao alikwenda kunywa chai kwake. Akanywa taratibu, akarudisha kikombe, akamwambia, "Mtoto wako mzuri, mama chai. Huwa anatoka shule saa ngapi?" Hakusema lingine. Mama yako aliacha kila kitu pale mezani akaja kunitafuta, nilikuwa nahangaika na jenereta. Akanieleza yote. Nikamwambia, "Achana nao, wanatania tu."

Akasema, "Kwako wewe kila mtu anatania."

Asubuhi yake wewe na mama yako mlikuwa mmeondoka. Unaikumbuka safari ile, uliwahi kunihadithia, ulidhani mnakwenda Busi, huko Kondoa, kwa bibi kula sikukuu, ukafurahi kukaa mbele kwenye lori. Ndiyo hiyo. Watu wa hapa walisema mama yako alikimbia shida, kwamba mwanamke wa Kondoa hakuzoea maisha ya stendi ya malori. Nikawaacha waseme. Ilinifaa mimi waseme hivyo. Magunia nayo yaliondoka baada ya siku chache, na mpaka leo sijui yalikuwa na nini. Labda meno ya tembo. Labda vipuri vya wizi. Labda ni redio tu zilizokwepa ushuru, na yule bwana aliuliza saa za shule kwa sababu ana mtoto wa rika lako. Haibadilishi kitu. Aliogopa, na alikuja kwangu.

Baada ya mavuno nilikwenda Busi kumfuata. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, na yalikuwa maneno mazuri, ya mtu mzima. Nikafika. Wajomba zako wakanikaribisha barazani, bibi yako akatoa mkeka, shikamoo, marahaba, habari za safari. Wazee wale hawakuwahi kuipenda ndoa yetu ya bomani, mimi wa kanisani, yeye wa msikitini, kwa hiyo nilikaa kwa adabu zangu zote. Kisha mjomba wako mkubwa, kwa nia njema kabisa, akasema, "Shemeji, tunasikia huko kwenu kuna sinema. Hebu tuhadithie."

Rehema, nilijua kabisa nisifanye. Nikafanya. Nikawapa begi la stesheni, nikawapa paa, nikawapa mwanamke na sauti yake nyembamba. Bibi yako alifuta machozi kwa upande wa khanga. Wajomba walipigana mabega. Wakanichinjia jogoo. Nilipendwa Busi siku ile kuliko siku zote, na mama yako alituandalia chakula, akanawisha watu mikono, akaondoa sahani, na sikuwa nimemwambia neno moja katika yale niliyokuja nayo.

Alinisindikiza hadi barabarani. Tulipofika akasema, "Sikutaka uwapige wale watu. Hata polisi sikutaka uende. Nilitaka tuogope wote wawili, basi." Nilifungua mdomo. Mungu ni shahidi yangu, nilitaka kulia. Kilichotoka ni kwamba nitaandika barua ya kuomba likizo ya kuogopa. Alitabasamu, lakini tabasamu la mtu aliyechoka, akanipigapiga mkono kama unavyomfanyia mtoto wa jirani, akarudi zake ndani. Nimemwona mara nyingi tangu hapo, kwenye misiba, ulipoanza sekondari ukarudi kukaa kwangu, na juzi kwenye harusi yako. Tunaheshimiana. Hajaniuliza tena mtu yeyote alisema nini kweli.

Televisheni zilipoingia majumbani banda lilikufa, na lile ghala limerudi kuwa ghala. Siku mwenye banda alipokuwa anafungasha vitu vyake nilimwomba niangalie kanda moja ya mwisho. Nilikaa peke yangu kwenye gunia, hakuna wa kumtafsiria. Kwa mara ya kwanza nilinyamaza nikawasikiliza. Ilifika pale pa begi. Mwanamke anasema anaogopa, hivyo tu, kwa maneno mepesi ambayo hata karani wa masijala anayajua. Na yule bwana muongo, aliyedanganya jina, aliyedanganya kazi, hajibu. Anaketi sakafuni karibu naye. Wanakaa kimya, kamera haiondoki, na mkono wake yeye mwanamume ndio unaotetemeka. Halafu ndipo anauliza kama kuna chai. Mwanamke anacheka, na wanasimama wanakimbia.

Miaka yote ile nilikuwa naongea juu ya ukimya ule. Nilidhani ni nafasi iliyoachwa wazi, nikawa naijaza. Nilidhani wale watu wanapendeza kwa sababu hawaogopi. Kumbe wanaogopa kwanza, wawili, na mzaha unakuja baadaye kuwanyanyua. Mzaha wangu ulikuja badala ya kuogopa. Nilizima ile televisheni nikarudi nyumbani.

Sasa Hamisi. Nampenda mumeo, usije ukasoma hapa ukadhani namsema vibaya. Ana mdomo mwepesi, ana moyo mzuri, na ametangulia kutafuta nyumba kabla ya kukuita, wengine hawafanyi hivyo. Lakini siku ya harusi, mama yako alipokuaga, ukaanza kutetemeka mbele za watu, yeye alisema kwa sauti, "Jamani, kama anataka kughairi aseme sasa, suti nairudisha kesho kwa mwenyewe!" Watu wakavunjika mbavu. Mimi pia nilicheka. Ningekuwa mimi ningesema lile lile. Ila nilikuwa nakutazama. Ulitazama chini kwanza, ndipo ukacheka. Niliujua ule mtazamo wa chini. Nimewahi kuishi nao nyumba moja.

Sikwambii ungeolewa na bubu. Cheka naye, kwa kweli maisha bila mtu wa kucheka naye ni marefu. Nakuomba kitu kimoja. Siku ukimwambia unaogopa, akakupa mzaha, usifanye kama mama yako. Usiseme sawa. Mwambie, "Hamisi, sijacheka." Umwambie na mara ya pili. Mama yako alinihurumia mno, alikuwa anacheka ili mimi nisiaibike, na mimi nikadhani nafanya kazi nzuri. Na wewe umerithi kwetu wote wawili, hilo ndilo linaloninyima raha. Una mdomo wangu na huruma yake. Hata leo mchana uliponiuliza, ulitabasamu kabla sijajibu, kunirahisishia.

Nakusikia unaagana na Mama Stella, sasa hivi utavuka kuja. Barua hii nitakupa mkononi, na nitatoka nje usome, maana nikikaa hapo nitasema kitu.

Swali lako, Rehema. Ndiyo. Urudi. Ukishindwa urudi, na usingoje mpaka ushindwe sana. Urudi ukiwa na mtoto au huna, ukiwa na sababu ya kueleweka au huna. Mimi nauza sindano na kamba za kushonea magunia, sina makuu, lakini sitakuuliza chochote pale mlangoni. Na mimi naogopa. Naogopa Mpanda ni mbali, naogopa utaumwa na sitajua, naogopa kesho jioni nikifungua huu mlango na ndani kimya. Nimeandika sentensi hizi nikangoja mzaha uje, na nikiuona unakuja naizuia kalamu mpaka upite.

Asubuhi ya leo, ulipokuwa umekwenda kisimani, alikuja dalali mmoja wa alizeti. Amesikia unaondoka, anataka kupanga chumba chako, na alikuwa tayari kuhamia kesho hiyo hiyo. Nilimwambia chumba kina mtu.

Baba yako